Jina Tuligawana

Chuo cha Ualimu,
12 Juni 1986.

Kwa Baba yangu Mwangangi,

Pokea salamu nyingi wewe na Mama. Nielezeni kama ndengu za Kyuso zimekubali mwaka huu na kama mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na sitaificha eti kwa sababu naandikia baba.

Shangazi Nthenya amenifikishia maneno yako. Ati nimeaibisha ukoo. Ati jina la Kaluki Mutiso ni la Nyanya, tulipewa sisi wawili, mimi na binti wa Baba Mdogo Musyoka, kwa hivyo Kaluki yeyote akisomea ualimu ni sawa. Baba, jina tuligawana. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya peke yangu.

Miezi miwili uliniambia barua ya chuo haijafika, nami nikakuamini kama mjinga. Nilipokuja kuuliza mwenyewe, karani alicheka, akasema Kaluki Mutiso yuko bwenini tayari. Mkuu wa chuo akatuita sote wawili na kutuuliza ni nani aliyetufundisha Biolojia katika shule iliyoandikwa kwenye cheti. Mwenzangu akasema ni mzee mmoja mkali sana. Nikasema ni Bi Ubah, na mwaka wa mtihani alikuwa mjamzito. Hapo binti wa watu akaanza kulia, akakiri kwamba cheti na barua ulimpa wewe. Yeye simlaumu sana.

Unasema mimi nina kichwa, nikirudia mtihani nitapita tu. Kwani kichwa changu ni shamba la ukoo, kila mtu avune? Cheti sasa ninakiweka mwenyewe, na barua zangu hazitapitia tena sanduku la posta la kanisa ambalo ufunguo wake unao wewe.

Kuna jambo lazima ulisikie kutoka kwangu. Mkuu alinihurumia, akaniambia naweza kuandika kwamba cheti kilipotea, mambo yaishe. Nilikataa. Niliandika kwamba baba yangu alikitoa kwenye begi langu akampa mtu mwingine, nikataja jina lako lote, nikatia sahihi. Nililia nikiandika, lakini sikufuta hata herufi moja. Polisi watakuja huko Alhamisi ijayo. Usimtume Mama kuniomba, maana yeye siwezi kumkatalia.

Nisalimie wote nyumbani, hata Baba Mdogo. Ninakupenda, Baba, na sitafuta.

Ni mimi binti yako,
Kaluki Mutiso.