Mkono Begani kwa Mama

Mwanjelwa, Jumatatu

Dada Severina,

Huku mvua haikatiki. Studio wametuwekea programu mpya ya picha, nami nimekuwa mgeni kwenye kazi yangu mwenyewe. Mkasi wa kukatia picha niliutafuta juzi asubuhi nzima, kumbe umejificha chini ya alama ya spana! Nani hukata kwa spana?

Ile picha ya kuweka kwenye kaburi la mama, baba nimemkata kama wajomba walivyoagiza, kwa kuwa alimtelekeza. Ila mkono wake umebaki begani kwa mama, na kifutio bado sijakiona.

Jana baba alipita. Nikamweleza. Akautazama ule mkono kwenye skrini, akasema, "Basi usikitafute, mwanangu."

Wajomba wanaifuata picha Jumamosi. Niwaambie nini, dada?

Mdogo wako,
Faustina