Dakika Arobaini na Tano Angani

Mwanza

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limetulia. Mimi ni mzima wa mwili tu, maana wiki ya pili sasa hupokei simu yangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua huwezi kuikata.

Mama, sikudanganya. Niliposema Mwanza hadi Bukoba ni dakika arobaini na tano angani, ilikuwa kweli tupu. Kilomita mia mbili hazifiki. Tuliruka saa nne, soda sijaimaliza, tukaambiwa tufunge mikanda tunashuka. Kosa langu ni kuwatangazia nyote kwamba siku ya mahari, saa tano niko Nyakahura, kana kwamba ndege ingenishusha kwenye migomba yetu. Nilitaka wakwe wa Devota kutoka Ngara wasikie kaka wa bibi harusi amekuja kwa ndege. Zilikuwa sifa tu, nakiri.

Kumbe kutoka Bukoba hadi nyumbani ni safari nyingine nzima. Gari la kwanza lilipasuka tairi Muleba. La pili nilisinzia, likanipitiliza hadi Nyakanazi. Nikarudi juu ya lori la saruji, na suti yangu nyeusi ikageuka kijivu.

Masalu, fundi mwenzangu wa majokofu, nilimtuma kwa basi la alfajiri na sanduku la vitenge, maana kwenye ndege lingezidi uzito. Nilimcheka pale stendi, nikamwambia atanikuta nimeshiba. Saa saba alikuwa kwako.

Nilipoingia uani jioni nikamkuta kwenye kigoda changu. Najua kwetu wakwe hawagusi rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka kaka mkubwa wa binti avute mrija wa kwanza. Najua walikuwa wamekauka koo tangu saa tano, na ndizi ulizotia motoni kwa kuifuata saa yangu zimegeuka uji, na aibu yote ikabaki kwako. Lakini baba mdogo kusema, "Aliyefika ndiye kaka," hilo lilinikata maini. Na Masalu, Msukuma wa watu, hata hakukataa. Eti alivuta mpaka kibuyu kikalia. Sasa wakwe wanamwita shemeji, na mimi waliniuliza kama lori nimeliegesha vizuri.

Halafu jana ulimpigia yeye kumuuliza kama amekula. Tulikuwa benchi moja, mama. Simu yangu ilikuwa mezani, imejaa chaji. Imeniuma, nisikufiche.

Harusi ni mwezi ujao. Naomba unisamehe, na kigoda unirudishie. Nimeshakata tiketi ya basi la saa kumi na mbili asubuhi. Masalu naye anakuja, amealikwa na upande wa bwana harusi.

Nisalimie bibi, mwambie dawa ya macho nitakuja nayo. Baba mdogo msalimie kidogo tu. Devota mwambie asante, maana ndiye aliyenisimulia kwamba asubuhi ile ulisimama nje, ukaipungia kanga ndege iliyopita juu.

Haikuwa yangu, mama. Yangu ilipita ziwani. Lakini na mimi nilipunga, upande wa nyumbani, mpaka jirani yangu wa kiti akauliza nimemwona nani huko chini. Nikamwambia ni mama yangu.

Mwanao wa kumzaa mwenyewe,

Deo