Jani la Isale Uwanjani

Dada Zuhura, shikamoo. Huku Mkuu, Rombo, baridi inagandisha vidole, lakini leo nimecheka mpaka basi.

Kuna kikundi cha hisani kimewapa akina mama mpira wa netiboli na mtu wa kuwashikia watoto, basi wamerudi uwanjani, wengine walicheza mara ya mwisho wakiwa shuleni. Mwenyeji wangu, Mama Aneth, akiukimbilia mpira akamgonga mama mkwe wake, aliyekuwa timu pinzani. Bibi wa watu chini, puu! Mama Aneth akakimbilia kwenye ua wa mimea kando ya uwanja, akachuma jani la isale, akapiga magoti na kumpa kwa mikono miwili. Huku ukiombwa msamaha kwa jani hilo, huwezi kukataa.

Bibi akalipokea, akajipangusa vumbi. "Nimekusamehe, mwanangu." Kisha akaenda kwenye ua yeye mwenyewe, akachuma lake, akalichomeka kiunoni.

"Hili nitakupa nikishakuangusha. Haya, piga filimbi!"

Dada, raba zako zitoe uvunguni, na shemeji ajiandae kubaki na watoto. Wasalimie sana, nimewakumbuka. Nikirudi tunacheza. Jani langu nimeshachuma.

Mdogo wako, Hadija