Maji ya Mama Ndani ya Rejeta

Jumamosi, Kilole. Milima ilijifunika ukungu mpaka saa nne, kisha jua likatoka kali. Mimi niliamka na hasira zangu za wiki nzima, zote zikiwa nzima.

Leo nimeosha rejeta ya gari mwenyewe. Mwalimu wa darasa la nne, miaka arobaini na mbili, nimelala chali chini ya gari na suruali ya michezo ya shule. Majirani waliokuwa wakienda sokoni walinipa pole kama nimefiwa.

Lakini nianze na Jumamosi iliyopita, maana bila hiyo ya leo haieleweki.

Nilikwenda Kwaluguru kumchukua mama. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto limefunga kabisa, la kulia anaona ukungu na vivuli. Hospitali ya huku Korogwe ilimpangia Jumatatu kumfanyia upasuaji wa lile la kushoto. Hatujafika hata Handeni mjini, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na mvuke ukafuka kwenye boneti. Nikasimamisha gari pembeni.

Mama haoni. Alisikia tu mlio wa kuchemka na harufu, akajua tunaungua. Alifungua mlango mwenyewe, akapapasa mpaka kwenye nyasi, akakaa hapo anatetemeka. Sijawahi kumwona mama yangu akitetemeka, hata siku tuliyomzika baba. Gari lilipoa, nikambembeleza, akakataa katakata. Akapanda bodaboda ya kijana wa kijijini kwake, akarudi nyumbani, na Jumatatu ile ikapita bure.

Hospitali wamempa Jumatatu nyingine, keshokutwa. Nilipompigia kumwambia, alinijibu kwa upole kabisa:

"Mwanaidi, macho haya yameona ya kutosha. Niache."

Nilimsihi siku tatu. Kupanda basi hataki tangu alipokosea ngazi yake akaanguka, na gari la mtu asiyemjua hapandi. Mwishowe amekubali kupanda la kwangu mara moja tu. Likichemka tena, habari ya macho imekwisha na nisimtajie tena. Mama akisema imekwisha, imekwisha.

Kwa hiyo leo nilikuwa naosha rejeta, lakini kilichokuwa mikononi mwangu ni jicho la mama.

Sasa, kwa nini mwenyewe na si fundi? Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na nitaiandika kama ilivyo.

Gari langu hutengenezwa na fundi Ayubu, mtu mzima, ana karakana karibu na barabara kubwa. Mwaka jana ndiye aliyeniwekea yale maji ya kijani ya rejeta, yanayozuia kutu na kuchemka. Jumapili iliyopita nilimwendea nikiwa nimevimba. Kila siku huwa nampa shikamoo, siku ile sikumpa. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia maji ya rangi akanifanya mjinga. Wala hakunyanyua sauti. Alifuta mikono, akasema:

"Mwalimu, mimi niliweka ya kijani. Nenda kafungue uone. Yakitoka bado ya kijani, kosa ni langu, njoo unitukane tena."

Nikaondoka nimebinua midomo. Sikurudi. Nikasema nitafanya mwenyewe, kwani kuna ugumu gani.

Ugumu upo.

Gari lilikuwa limelala tangu jana, limepoa, maana rejeta ya moto haifunguliwi, inakuunguza uso. Niliweka mawe kwenye matairi, beseni chini, nikafungua kifuniko cha juu, kisha nikajipenyeza chini kutafuta kizibo kidogo cha plastiki kwenye kona ya rejeta. Nilikizungusha kwa vidole mpaka kucha ikavunjika. Kikaachia ghafla, nikaoga.

Yalikuwa mekundu. Wala si kutu peke yake, ni tope. Nilichovya kidole nikayasugua, nikasikia mchanga laini. Udongo ule naufahamu, nimekua nikiufua kwenye sare za shule. Ni maji ya lambo la Kwaluguru, lile bwawa la kijiji.

Nilikaa chini kando ya beseni, sikuinuka haraka.

Fundi Ayubu aliweka ya kijani. Kuna mtu aliyetia mengine, na mtu huyo si mimi, kwa sababu, nikiri tu, mimi sijawahi kufungua kifuniko cha rejeta tangu ninunue gari. Naangalia oili. Kila asubuhi ya safari nafungua boneti, nachomoa kijiti cha oili, nakifuta, najiona dereva. Halafu naiacha boneti wazi injini ipate hewa, naingia ndani kunywa chai na kuaga.

Nikampigia mama. Nilimuuliza taratibu, kama ninayeulizia habari za kuku, iwapo kuna mtu huwa anagusa gari langu.

"Nani aguse? Mimi ndiye ninayelinywesha. Ninyi mnakunywa chai, gari mnaliacha na kiu. Baba yako hakuwa hivyo."

Baba aliendesha lori la shamba la mkonge. Zamani hizo alipofika nyumbani, mama alimpokea na dumu, na lori lilipewa maji asubuhi kabla baba hajapewa uji. Hiyo ndiyo heshima ya gari kwetu. Kumbe mama hajaiacha. Kila nilipolala kwake, asubuhi alitoka na dumu, akaweka kiganja kwenye rejeta kuhakikisha ni baridi, akapapasa kifuniko, akamimina mpaka vidole vyake vikasikia yamefika juu. Dumu lile nimeliona mara nyingi kando ya tairi. Nilidhani la kuoshea kioo.

Na maji yenyewe ni ya taabu. Pale kijijini kiangazi mimi mgeni naoga nusu ndoo na kuambiwa nisimwage. Gari lilikuwa linapewa zaidi yangu.

Nilikasirika, sikatai. Ulimi ulishafika kwenye meno nimwambie, mama, umeniulia gari kwa tope. Nikajizuia, nikakata simu kwa kisingizio cha salio. Nikarudi kwenye kazi.

Nilifunga kizibo, nikajaza maji ya bomba, nikawasha injini na hita ya ndani kwenye joto la mwisho, ili maji yazunguke kila mahali. Feni ilipoanza kuzunguka nikazima, nikasubiri lipoe, nikamwaga. Yakatoka rangi ya chai ya maziwa. Mara ya pili, chai ya rangi. Yote niliyatia kwenye madumu nikayafunga, kwa sababu bata wa jirani walishaanza kusogea, na maji hayo ni sumu kwao.

Mara ya tatu, nikiwa chini, tone likanidondokea shavuni. Halikutoka kwenye kizibo. Lilitoka kwenye mpira mkubwa wa chini, pale unapofungwa na klipu. Klipu imeliwa na kutu, na chini yake kuna michirizi mikavu, ya zamani.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira zote zikaniisha mwilini.

Gari lilikuwa linavuja mwaka mzima. Kila nilipokwenda Kwaluguru lilifika limepungukiwa, na mimi nilikuwa nakunywa chai. Asiyeona ndiye aliyejaza. Bila dumu lake injini ingekufa zamani, mimi nikiwa peke yangu porini. Tope lake limeziba rejeta, ndiyo, lakini tope hilo hilo ndilo lililonirudisha Kilole kila safari. Na angewezaje kujua kwamba ni tope? Kwa macho yale, maji yote yana rangi moja.

Nililia kidogo, chini ya gari, ambako hakuna wa kunipa pole.

Halafu ikabidi niende kwa fundi Ayubu, sababu klipu sina, na hata ningekuwa nayo, deni la adabu ninalo kwake. Nilifika karakana ina watu. Nikasema shikamoo kwa sauti ya kusikika.

"Marahaba, Mwalimu. Yalitoka rangi gani?"

Nikamwambia mekundu, na nikamwomba radhi mbele ya wale wale. Alichagua klipu mbili mpya, akaja mwenyewe kuzifunga. Akanisimamia nikisafisha mara ya nne, yakatoka meupe. Tukatia maji ya kijani, tukaacha kifuniko wazi injini ikinguruma mpaka mapovu yakakoma. Kisha nikaendesha hadi Mombo na kurudi. Mshale wa joto ulikaa katikati, haukutikisika.

Sasa ni baada ya Alasiri, mikono bado inanuka. Mama nimeshamwambia gari limepona. Hakuuliza lilikuwa na nini, aliuliza kama limekunywa.

Kesho naondoka alfajiri. Kwenye buti nimeweka dumu dogo la maji safi yaliyochanganywa na ya kijani. Keshokutwa asubuhi, kabla hatujaondoka kwake, nitalisogeza pale mkono wake unapofika, na nitasimama kando yake badala ya kunywa chai.

Na kuna chupa moja ya yale mekundu, sikuimwaga. Nimeikaza kifuniko na kuificha juu ya kabati. Siku watakayomfungua bandeji, kabla sijamwambia neno lolote, nitaishika mbele ya jicho lake la kushoto na kumuuliza, mama, haya ni maji ya rangi gani?

Akinikaripia kwamba nimetia tope chupani, nitajua anaona.