Mji Ni Wetu

Al Wukair, Qatar
11 Oktoba 2025

Mdogo wangu Kiprop,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, joto limeanza kupungua, na Mama anasema kwa simu goti lake limetulia. Wewe, Hannah na watoto mko salama? Unakula kweli, au ni kampeni tu?

Nimekutumia video. Jana, siku yetu ya mapumziko, mimi na wasichana wenzangu walinzi wa hoteli tulijipanga uani hapa tunapokaa, tumevaa tisheti zenye sura yako, tukakuimbia kama mgombea anavyoimbiwa nyumbani. Gakii ndiye aliongoza: "Harlow Springs, mji ni wetu! Kiprop akikalia kiti, tumekalia sote!" Nilicheka mpaka nikalia. Mtoto niliyembeba mgongoni kule nyumbani Kapsabet anataka umeya Marekani. Nimeiweka Facebook ili watu wa huko waone unavyopigiwa debe.

Dada yako,
Chebet

Harlow Springs
16 Oktoba 2025

Dada,

Natumai u mzima. Mimi si mzima. Iondoe hiyo video Facebook leo.

Mpinzani wangu ameitafutia mkalimani akaifanya tangazo: wageni walio Qatar wanasema mji ni wao. Televisheni inairusha kila jioni. Nimeishi hapa miaka ishirini, nimekuwa diwani, na bado bibi mmoja kanisani kaniuliza ni akina nani wananituma. Huku mgombea haimbiwi, Chebet. Huku watu wanataka kujua habari za barabara na maji taka. Ungeniuliza kwanza. Mnajifanyia mambo yenu, halafu mimi ndiye naumia.

Mdogo wako,
Kiprop

Al Wukair
24 Oktoba 2025

Kiprop,

Mama hajambo. Mimi pia, kama unajali.

Video niliiondoa papo hapo, na nilikuwa nimekaa kukuandikia nikuombe msamaha, kwa sababu sikujua na ningepaswa kuuliza. Kisha Damaris, tunayelala chumba kimoja, akaniletea simu yake nione mahojiano yako. Mwandishi wa habari anakuuliza wale wanawake ni nani. Unamtazama usoni unasema, "Siwafahamu. Sina uhusiano wowote nao." Anakuonyesha picha yangu mimi, peke yangu, na unarudia.

Ungesema, "Dada yangu amekosea." Ungesema, "Dada yangu ni mshamba, hajui siasa za huku." Ningemeza. Lakini hunifahamu? Niliwaambia wasichana hapa wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja. Sasa nikiingia chumbani wananionea huruma, na hiyo huruma ndiyo inanichoma kuliko maneno yako.

Sema ukweli kabla ya kura. Useme hadharani, palepale uliposema uongo.

Chebet

Harlow Springs
6 Novemba 2025

Dada mpendwa,

Habari za siku nyingi? Sisi tu wazima. Tumeshinda, kwa kura chache sana.

Najua una hasira. Ningesema lolote wiki ile ningeshindwa, washauri wangu walikataa kabisa. Sasa yamepita. Naapishwa Januari na nataka uje na Mama. Mtakaa viti vya mbele. Naomba tu habari ya video tusiiguse.

Mdogo wako,
Kiprop

Al Wukair
9 Novemba 2025

Kiprop,

Nakusalimu, na hongera. Umetoa jasho, siwezi kukunyima hilo.

Mama atakuja. Hajui ulichosema na sitamwambia, maana atakufa na aibu isiyo yake. Mimi nije nikae kiti cha mbele, na jirani yangu akiniuliza mimi ni nani nimjibu nini? Kwamba nimemsindikiza mama mzee? Ulipotafuta kura hukuwa na dada. Sasa unataka viti vijae.

Nilichokuomba bado nakiomba. Mwite mwandishi yuleyule, umwambie, "Yule mwanamke ni dada yangu." Ukisema, nitaomba ruhusa kazini nije. Usiposema, usiniandikie tena.

Chebet

Harlow Springs
19 Desemba 2025

Dada,

Natumai hujambo. Viza ya Mama imetoka na Hannah atampokea.

Nimeongea na washauri kuhusu ulichoomba. Wanaona kitanimaliza kabla sijaanza. Nisamehe.

Waandishi watataka kuongea na Mama. Wewe ndiye anakusikiliza, kwa hivyo naomba umweleze mapema. Wakimuuliza ana watoto wangapi, aseme ni mimi tu.

Mdogo wako,
Kiprop