Baba, Mama Amechagua Rangi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea hivyo, na siwezi kukwambia neno kabla sijakuamkia.

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwetu hapa Gerezani. Ungeingia leo ungerudi nyuma uutazame mlango, ukidhani umekosea nyumba. Kuta zina rangi ya papai. Siyo papai bichi, Baba. Papai lililoiva mpaka likaanza kulainika. Amechagua Mama. Ndiyo, Mama, yule ambaye ukimuuliza nikununulie kitenge gani anasema, "Chochote tu." Nataka nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu ndugu yako hasemi nasi tena, na jambo hilo siwezi kukuficha.

Tulipokuzika kwetu Old Moshi, baba mdogo Aminieli ndiye aliyesimamia kila kitu. Alishuka kaburini akakupokea kwa mikono yake, na alipopanda juu alilia mpaka watu wakamshika. Sisemi alijifanya. Hata leo sisemi. Tuliporudi Dar alikuja nasi, akasema hawezi kuwaacha wanawake wawili peke yao mjini. Asubuhi alikwenda dukani kwake Kariakoo, jioni anarudi. Mwanzoni alikaa kwenye kochi la pembeni. Siku moja nikamkuta kwenye kiti chako. Mama akampakulia chakula yeye kwanza, na sikuona kitu chochote usoni mwake.

Kisha akasema nyumba ipakwe rangi. "Tuutoe msiba ukutani," alisema. Mama akaitikia, "Sawa, shemeji."

Mimi nilifurahi, Baba. Niwe mkweli. Kuta unazikumbuka. Ulizipaka wakati ule madukani hamna kitu, ukachanganya chokaa na bluu ya kufulia nguo kwenye ndoo, na kila ndoo ikatoka na bluu yake. Sebule ikawa na mabaka. Nikakuonyesha baka kubwa juu ya dirisha, nawe bila kucheka ukaniambia, "Hilo wingu. Kaanue nguo." Nikatoka mbio nikaanua nguo zote za Mama, zikidondosha maji. Siku hizi nani anahangaika na bluu ya kufulia? Tangu biashara ifunguliwe, Kariakoo kuna maduka ya rangi tupu, mtu anakaa anachagua mpaka anachoka. Nikawaza kwamba na sisi tutachagua.

Hatukuulizwa. Jioni moja mkokoteni ulisimama mlangoni, ukashusha makopo makubwa. Rangi ya mafuta, bluu iliyokolea, ya kupaka nusu ya ukuta kutoka chini. Na krimu ya juu. Vyumba vyote sawasawa. Nikamwuliza baba mdogo kama sebule nayo itakuwa hivyo. "Hii ni imara," akasema. "Mtu akichafua, unapitisha kitambaa tu, imekwisha."

Nikajiuliza, mtu gani? Tuko watatu tu humu ndani, wote watu wazima.

Fundi aliitwa Saidi, mtu mpole wa Mchikichini, anafanya kazi huku anajiimbia. Aliambiwa aanze na chumba chenu, wewe na Mama. Mama akahamishia godoro kwangu. Nilipompelekea fundi chai alikuwa anapiga msasa kwenye mlango. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Dada, hizi namba za milangoni niandike kwa rangi nyeupe au nyeusi?"

"Namba gani?"

"Namba za vyumba. Mzee amesema nianzie hapa, hiki ndicho kiwe namba moja."

Chai ilimwagika kwenye sahani. Baba, niliielewa ile bluu. Nilishaiona kule Kariakoo, tulipokwenda kumpokea mgeni wetu wa Moshi aliyefikia gesti. Bluu nusu ukuta, krimu juu, namba mlangoni, ndoo ya maji nje. Ndugu yako alikuwa anageuza nyumba yako gesti bubu, isiyo na hata kibao.

Nikamwuliza fundi, kwa sauti nisiyoijua, na sisi wenyewe tutakaa wapi. Akaacha msasa. Akanitazama akaona sijui, naye akaona haya.

"Niliambiwa nyinyi mnarudi Moshi," akasema. "Samahani, dada. Nilidhani mmeshazungumza."

Nilimfuata Mama uani. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nikamweleza yote kwa mkupuo mmoja. Vidole vyake havikusimama. Alitoa kipande cha jiwe, akakitupa, akatoa kingine. Nikapandisha sauti: "Mama, umesikia?" Akasema, "Nimesikia. Usipige kelele, fundi anafanya kazi." Nilimkasirikia sana saa ile. Nikakukasirikia na wewe. Ungeacha neno moja tu, Baba. Ulijua unaumwa. Wazee walikuja mpaka kitandani kwako, mkazungumza habari za migomba, habari za ng'ombe, habari za nani atasoma somo kanisani. Nyumba hukuitaja. Labda ulidhani ndugu yako ni mkono wako wa kulia, kama ulivyozoea kumwita, na mtu haandikiani na mkono wake. Sijui. Bado inaniuma.

Wakati wa chakula baba mdogo alituambia kesho anakwenda Keko. Hakusema kufanya nini. Keko watu hufuata vitanda. Mama akamwongezea mchuzi.

Asubuhi, alipotoka tu, Mama alisimama mlangoni kwangu amevaa zile nguo nyeusi za msiba, mkoba mkononi. "Vaa viatu vya kutembelea," akasema.

Tulikwenda Kariakoo kwa miguu. Mama alitembea mbele, hakugeuka, hata wachukuzi waliokuwa wanapiga kelele za kuomba njia walimpisha wao. Akaingia dukani kwa Mama Hansa, yule Mhindi uliyekuwa unanunua kwake misumari na bawaba. Sikuwa nimeingia siku nyingi. Misumari imesukumwa pembeni, ukuta mzima ni makopo ya rangi, na kwenye meza kuna kadi ina vipande vya rangi vimepangwa kama biskuti. Mama Hansa alitupa pole, akamshika Mama mkono. Halafu akauliza, "Rangi ya kupaka wapi?"

"Ndani," Mama akasema. Na hapo akakwama.

Alisimama mbele ya ile kadi, Baba, akanyoosha kidole. Aligusa krimu, akakiondoa. Akagusa kijani, akakiondoa. Mimi nilikuwa natazama barabarani, maana duka la baba mdogo liko mtaa wa pili, na vijana wake wanatufahamu. Nikamwambia, "Mama, chukua yoyote, twende." Akanigeukia. "Siku zote nimechukua yoyote," akasema. Basi.

Mama Hansa alisikia. Yeye mwenyewe ni mjane, wa miaka mingi, na wakati wote huvaa sari nyeupe. Akavuta stuli akamkalisha Mama, akasema taratibu, "Nilipofiwa, mashemeji walinichagulia kila kitu. Nguo, chakula, nani nizungumze naye. Ukuta wakasahau. Njoo uone chumba changu siku moja." Kisha akauliza, "Nani atakaa kwenye hiyo nyumba?"

"Mimi."

"Basi chagua."

Mama akainama tena kwenye kadi. Safari hii hakugusagusa. Akaweka kidole kwenye ile papai na hakukiondoa. Nikashtuka. Nikawaza watu wa kanisani, nikawaza wajomba, nikawaza nguo nyeusi mbele ya ukuta ule. Nikamnong'oneza, "Mama, watu watasema."

"Wataingia kwanza ndani ya nyumba yangu ndipo waseme," akajibu. "Na wakiingia nitakuwa nipo."

Tulirudi na makopo kwenye mkokoteni, sisi tukikimbia pembeni yake. Fundi Saidi alikuwa amefungua kopo la bluu, anakoroga. Mama akamwambia alifunike, ahamie sebuleni, apake hii. Fundi akatazama kopo, akatazama mlango wa nje.

"Mama, mimi kazi nimepewa na mzee. Akinikuta je?"

Mama hakubishana naye. Alivua viatu, akachukua rola, akaichovya, akaipeleka ukutani. Mstari wa kwanza ulipinda vibaya, rangi ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko, kwenye nguo nyeusi. Akachovya tena. Fundi alivumilia kidogo, kisha ufundi ukamshinda. "Hapana, mama, hapana. Anza juu. Na usiizamishe yote." Akaja akaipokea rola mkononi mwake. Tukafanya kazi bila kuzungumza, yeye kwa rola, Mama na mimi kwa brashi za kona. Kila gari likipunguza mwendo nje, sote watatu tulisimama. Fundi hakuimba hata kidogo siku ile.

Ukuta wa dirisha ulipokwisha, na wa mlango ukawa nusu, tukasikia geti.

Baba mdogo aliingia na vumbi la mbao kwenye viatu. Aliangalia ukuta muda mrefu. Akamwambia fundi, "Nani kakwambia?" Fundi akashusha rola. Mama akasema, "Mimi."

"Shemeji, huu ni uchizi wa msiba. Itafutwa leo hii."

Akapiga hatua kuelekea ukutani, mkono umenyanyuka, sikujua anataka kupiga ukuta au kumpiga nani. Mama hakusogea.

"Shemeji, haijakauka," akasema. "Usiguse, utachafuka."

"Unajua unazungumza na nani? Hii ni nyumba ya ukoo. Ya ndugu yangu."

"Najua. Wewe ndiye uliyempokea kaburini, sitasahau mpaka nife. Lakini humu nilibeba maji ya kumwagilia matofali na mtoto mgongoni. Ukitaka kulala hapa, utalala kama shemeji yangu, mgeni wangu. Mwenyeji ni mimi."

Akanigeukia mimi. "Ndeshi, mwambie mama yako. Wewe umesoma."

Baba, yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti mpaka akaanguka yeye. Nilimpenda kuliko wajomba wote. Nikasema, "Baba mdogo, chumba cha Baba na Mama hakitaandikwa namba."

Alikuwa hajui kwamba tunajua. Uso wake ukabadilika, ule ukali ukatoka, na nilichokiona chini yake kilikuwa kama aibu, au labda nilitaka kiwe aibu. Akasema polepole, "Nilikuwa nawatafutia riziki. Mji umefunguka, kila mtu anafanya biashara. Moshi mngekula vizuri." Mama akamjibu, "Ungeniuliza." Baba mdogo akachukua begi lake akaondoka, bila kunywa hata maji.

Kesho yake vitanda vikaja kutoka Keko, mkokoteni mzima. Mama akatoka nje akawaambia wale vijana, "Aliyeagiza hayupo." Wakavirudisha.

Baba mdogo alipeleka shauri kwa ukoo. Siku zile za kusubiri zilikuwa mbaya kuliko zote, maana Mama hakula vizuri, na kila nikitazama kuta niliona tumejichongea. Wazee walifika, wakakaa sebuleni hapa, wanapepesa macho kwa ile rangi. Mzee Eliakimu akamwuliza Mama kama kweli amechagua mwenyewe. Akasema ndiyo. Akamwuliza baba mdogo kama kweli alitaka kuweka wageni kwenye chumba cha kaka yake. Naye akasema ndiyo. Hakudanganya, Baba, na hilo nalihesabu upande wake. Wakasema mjane hatolewi kwenye nyumba aliyoijenga pamoja na mume wake, na kama ni vyumba kupangishwa, ataamua yeye na fedha zitakuwa zake. Baba mdogo akanyanyuka, akawapa wazee mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama akampita. Mimi akanipita.

Sasa vyumba viwili vya nyuma tumepangisha kwa mwalimu na mke wake. Mama aliwauliza wanataka rangi gani. Na nikwambie siri, ile papai kwenye kadi ilikuwa ndogo na ya upole. Ukutani ni kelele. Asubuhi ya kwanza jua lilipoingia Mama alisimama katikati ya sebule, akasema, "Mungu wangu!" Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu tulipokuzika ndiyo mara ya kwanza namsikia. Nikamwuliza kama tuibadilishe. Akasema, "Acha. Nitaizoea."

Kanisani baba mdogo hukaa mbele, akitoka hupita mlango mwingine. Mama bado anamwombea kwa jina wakati wa chakula. Mimi kuna siku nashindwa kuitikia amina.

Basi, Baba, lala. Usihangaike na sisi, mlango una komeo jipya na Mama anakula. Krismasi tutapanda Moshi. Kabla sijaja kwenye kaburi lako nitapita kwa baba mdogo, maana naye Krismasi hupanda kwake kule kule, peke yangu, nisimame uani kwake nimwamkie. Akiitikia, nitakuja na yeye. Asipoitikia nitakuja mwenyewe, na mwaka utakaofuata nitamwamkia tena.

Mwanao,
Ndeshi