Wa Mwisho Kwenye Mstari wa Komunyo

Galu,
20 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha kamba, goti limepunguza kelele, na mbuzi hawajaingia tena kwenye mihogo ya jirani. Sisi huku tu wazima. Mama Subira, yule jirani yangu aliyekuwa akikuletea mahamri na mbaazi kila asubuhi ulipokuwa hapa, anakusalimu mno. Anasema tangu uondoke hakuna mtu wa kumsifia mbaazi zake kwa haki, maana mimi hula nikikimbilia kazini na sijui ninachotafuna.

Najua Jacinter ndiye atakayekusomea. Dada yangu, nakuomba usome polepole na usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika mahali pabaya. Mama, tangu urudi nyumbani nimekupigia simu mara tatu nikikusudia kukuambia jambo la siku ile ya sikukuu, na mara zote tatu tumeishia kwenye habari za mbuzi. Kwenye simu nasikia pumzi yako, nami nageuza mazungumzo. Ndiyo maana nimechukua kalamu, kama watu wa zamani.

Nianze mbali kidogo. Nilipokuwa mtoto nilidhani benchi la mwisho kanisani ni lako, kama vile kiti cha mbele kilivyokuwa cha mwenyekiti. Wakati wa komunyo ulikuwa ukigeuza magoti pembeni ili wengine wapite, nawe ukabaki. Sikujua sababu mpaka nilipokuwa mkubwa. Marehemu Baba alikataa katakata kubariki ndoa kanisani. Alisema ameshalipa mahari kwenu mpaka mbuzi wa mwisho, sasa kanisa nalo linadai nini? Basi kwa miaka thelathini na moja wewe, uliyekuwa binti wa kwaya, ukawa wa kugeuza magoti. Hukumnung'unikia Baba, wala kanisa hukuliacha. Nilipopata komunyo ya kwanza, nakumbuka nilirudi benchini nawe ukaninong'oneza, "Nishike mkono." Nikaushika mpaka wimbo ukaisha. Kuanzia hapo ukaniomba hivyo kila Jumapili, na mimi nikadhani unanizuia nisicheze, kumbe ulikuwa ukiigusa komunyo kupitia kwangu.

Kwa hiyo ulipoandikiwa na Padre wa huko kwamba sasa, baada ya Baba kututoka na wewe kufanya kitubio, hakuna tena kinachokuzuia kukomunika, nilielewa kwa nini hukwenda Jumapili iliyofuata. Ulisema umesubiri vya kutosha, huwezi kushindwa kungoja wiki sita zaidi. Ulitaka iwe sikukuu ya Maria Kupalizwa Mbinguni, katika kigango ambacho mwanao ni katekista, na uipokee komunyo mkononi mwangu. Mama, siku ile uliponiambia hivyo nilizunguka chumba cha dobi hotelini nikicheka peke yangu. Ramadhani, ninayepiga naye pasi, akaniuliza kama nimepata mchumba.

Sasa sikia yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya pazia. Agosti hoteli yetu hujaa Waitalia. Kwao tarehe kumi na tano ya mwezi huo ni likizo ya nchi nzima. Huko ni kiangazi, na nasikia hata mwenye duka la mkate hufunga akaenda baharini. Lakini pia ni sikukuu ya Maria, na wazee wao hawapendi ipite bila kanisa. Siku mbili kabla, Bi Claire, msimamizi wa wageni, alishuka mwenyewe mpaka dobi akaniuliza kama kwetu kutakuwa na misa. Nilipaswa kumjibu kwamba Padre Mwinga ana vigango tisa na pikipiki moja, na siku hiyo atakuwa Ukunda parokiani. Nilipaswa kusema kwetu itakuwa ibada tu ya katekista, na hostia alizoziacha Padre ni za watu sitini, idadi yetu ya kawaida. Badala yake nilinyoosha kola ya shati na kumwambia awalete, karibuni sana. Mgeni njoo mwenyeji apone! Nilikuwa nikiwaza paa letu linalovuja na sadaka watakazotoa, na tena, nisikufiche, nilikuwa nikiwaza vile Bi Claire atakavyoniona nimevaa kanzu nyeupe badala ya aproni.

Uliyaona mwenyewe yaliyofuata. Magari mawili ya hoteli yakashusha watu arobaini na wawili, na juu yao wakaja wale wa Nairobi waliokuwa kwenye nyumba za kupanga, na watoto wao wa likizo. Kanisa letu la mabati likafurika mpaka nje. Wenyeji, kwa adabu zetu, tukawapisha wageni mabenchi ya mbele. Wewe ulikuwa umevaa leso yako mpya tuliyonunua Ukunda, ile ya maua ya zambarau, na ulikaa wapi? Benchi la mwisho. Nilikutumia mtoto wa kwaya akuite mbele ukakataa, ukasema wageni kwanza, wewe umezoea.

Kukomunika kukaanza kutoka mbele. Wewe wajua, Mama, katekista si padre. Mimi siwezi kuugeuza mkate kuwa Mwili wa Bwana, mimi hugawa tu ule ambao padre ameubariki katika misa na kuuacha kwenye tabernakulo. Mtu mwenye akili angeanza kuvunja vipande mapema, kwa kuwa hata kipande kidogo ni Yeye mzima. Mimi nilikuwa nikitabasamu na kutoa nzimanzima, kama mwenye duka asiyetaka kuonekana bahili. Nilipotazama ndani ya siborio, chombo cha hostia, zilikuwa zimebaki chache. Nikavunja nusu, nikavunja robo, mpaka nikawa natoa punje. Kisha chombo kikawa kitupu, na mbele yangu wamesimama watu kumi na mmoja, wote wa kwetu, wale waliowapisha wageni.

Hapo pana desturi, nayo si ngumu. Katekista husema zimeisha, ndugu zangu, tumpokee Bwana kwa kumtamani, na watu hurudi mahali pao bila kinyongo. Nimeshalisema neno hilo mara mbili katika miaka yangu sita ya ukatekista. Siku ile halikutoka. Bi Claire alikuwa amesimama pembeni, Waitalia wameshika simu wakipiga picha, na mwisho kabisa wa mstari nilikuona wewe, umekunja mikono kifuani kama mtoto. Nilifunika siborio nikaingia chumba cha nyuma, sakristia. Kulikuwa na pakiti mpya ya hostia, ya misa ya Jumapili, haijawahi kukaa juu ya altare. Niliifungua kwa meno, nikamimina, nikarudi.

Nikawapa wote kumi na mmoja, na kila mmoja nikamwambia, "Mwili wa Kristo," nikijua ni mkate mtupu. Nao wakanijibu, "Amina." Ningekuwa mwongo nikisema nilifanya hivyo kwa ajili yako. Nimejiuliza sana usiku na mchana. Sehemu ilikuwa kwa ajili yako, kwa kuwa sikuweza kukurudisha mtupu baada ya miaka thelathini na moja. Lakini sehemu kubwa ilikuwa aibu yangu mbele ya wageni.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Ukunda kuungama. Padre Mwinga alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu, kama ninawajua hao watu kumi na mmoja. Nikamwambia nawajua kwa majina. Aliniondolea dhambi, lakini akasema watu hao wana haki ya kujua walichopewa, na mimi ndiye wa kuwaambia. Siborio nisiiguse mpaka Majilio. Nilidhani atanifokea, na heri angenifokea.

Jumapili, wewe ukiwa umeshaondoka, nikasimama mbele ya kanisa bila kanzu nikasema. Mzee mmoja bawabu alinishika bega akasema Mungu hafungiwi kwenye pakiti, na kwamba yeye amekwisha kunisamehe. Mama Dama, yule mwenye sauti nzito katika kwaya, hajaniitikia salamu mpaka leo. Aliniambia siku ile alikuwa amepokea kwa nia ya mwanawe mgonjwa, na mimi nilimchezea. Wengine nimewafuata nyumbani mmoja mmoja, na wa mwisho wao nilimpata juzi huko Vanga, alikohamia kwa kazi. Jumla wamefika kumi.

Wa kumi na mmoja ni wewe, Mama.

Wakati tukirudi nyumbani siku ile ulitembea polepole kuliko kawaida, ukaniambia sasa hata ukifa leo hudai kitu. Kisha ukaniuliza mbona mkono wangu ulitetemeka nilipokupa. Nikakujibu ulitetemeka kwa furaha. Huo uongo unaniuma kuliko ule wa kanisani, kwa sababu pale nilidanganya nikiwa nimebanwa, lakini njiani hakuna aliyenibana. Nisamehe. Najua umeshawasimulia watu wa jumuiya nzima, na Jacinter aliniambia umeizungushia duara tarehe ile kwenye kalenda. Nimekunyang'anya hata hilo duara.

Nilimweleza Ramadhani, kwa kuwa aliona nachoma mashuka kwa pasi. Yeye ni Mwislamu na mambo ya hostia hayajui, lakini alifikiri kidogo akaniambia kwao mtu akila mchana wa mwezi wa Ramadhani kwa kusahau, swaumu yake haiharibiki, ni Mungu aliyemlisha. "Mamako hana neno," akasema. "Lakini wewe uliyempa huku wajua, we mwenyewe watafuta nini kwangu? Nenda kwa mamako." Padre naye alinena karibu hivyohivyo, kwamba Bwana hakukosa njia ya kukufikia siku ile. Nayaamini maneno yao. Ila najua wewe hukungoja miaka yote hiyo ili uambiwe ulikuwa na nia njema.

Basi nimeomba likizo, na Bi Claire amenipa wiki ya pili ya Oktoba. Nitafika Ijumaa jioni. Jumapili kutakuwa na misa hapo parokiani kwetu, na padre mwenyewe ndiye atakayegawa. Nisalimie majirani wote, mwambie Mjomba Harrison nimepata dawa ya mgongo aliyoniagiza, na Jacinter mwambie nimemshukuru kwa kusoma mpaka hapa. Mama Subira anakutumia mbaazi kavu, nitakuja nazo.

Tangu siku ile nami sijakomunika. Padre amesema hakuna kinachonizuia tena, lakini nimemwomba nikusubiri. Jumapili hiyo tuketi benchi moja, la mwisho likikufaa. Nitageuza magoti pembeni upite wewe kwanza, nami nitakufuata. Na tukirudi kukaa, Mama, kama hasira zitakuwa zimepoa, nishike mkono.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Justus